Msichana wa Ngoma na Kijana Mtukutu

Mwezi uliopita niliahidi kuandika namna ya kumsaidia mtoto kusoma hesabu nyumbani. Mnisamehe, hiyo itangoja. Kuna jambo limetokea katika kikundi chetu cha ngoma pale shuleni, na wengi wameniuliza njiani, kwenye bomba, hata siku ya mgao nikiwa nimebeba gunia kichwani: "Mwalimu, ni kweli ile tunasikia?" Basi niandike, maana habari ya mdomo ikishapita mstari mmoja wa jerikeni inafika mwisho imeota pembe.

Majina siandiki. Msichana, mama yake, na kijana mwenyewe wameniruhusu nieleze, mradi nisitaje bloku wala kabila. Na wewe unayedhani umeshawajua, tafadhali kaa nayo moyoni.

Msichana ana miaka 15, yuko P.7. Kama ulikuja siku ya kufunga muhula, ulimwona. Ni yule aliyecheza mbele ya wenzake, mabega yanakwenda kivyao, kiuno kinakwenda kivyake, lakini uso umetulia kama mtu anayesikiliza redio. Tangu P.5 ananiambia jambo moja tu: anataka kucheza Kampala kwenye mashindano ya taifa, halafu awe mwalimu wa ngoma. "Siyo kucheza kwenye baa, Mwalimu. Kufundisha." Ana daftari ambamo anachora nyayo, mguu wa kulia na wa kushoto, na chini anaandika jina la ngoma. Humo kuna agwara ya Waaluri na pembe zao ndefu, larakaraka ya Waacholi, runyege ya Wanyoro, na kurasa nyingi za mambo ya kwetu Kongo. Mimi nilimaliza S.4 na sikuwahi kuwa na daftari safi kama lile.

Kijana ana miaka 16. Alifika hapa na majirani, si na wazazi wake. Anaishi kwa shangazi yake. Amegombana kwenye mstari wa maji, amegombana kwenye mpira, amegombana na watoto wa wenyeji na watoto wetu bila ubaguzi. Mwaka jana muhula wa tatu aliingia kwenye stoo ya shule usiku na kisu, akapasua ngozi za ngoma mbili. Hakuiba kitu, wala mipira iliyokuwa pale hakuigusa. Alipasua ngoma tu, akakaa chini, na mlinzi akamkuta amekaa.

Mnakumbuka ule mkutano. Wengine walitaka afukuzwe shule, wengine walitaka apelekwe polisi Adumi. Mimi mwenyewe nilikuwa upande wa kumfukuza, nasema ukweli, maana zile ngoma tulizichangia shilingi mia mia. Ni mzee mmoja, fundi wa ngoma, aliyesema neno ambalo watu walicheka lakini likapita: "Aliyepasua ngozi, atafute ngozi."

Basi likizo yote kijana alikuwa kwa mzee. Alitembea mpaka kwa wachinjaji wa senta ya Adumi kuomba ngozi za mbuzi. Akaziloweka, akakwangua manyoya kwa kipande cha bati, akapigwa na harufu ambayo hata mbwa walimkimbia. Ngozi ya kwanza ilioza kwa sababu aliiacha majini siku nyingi. Ya pili ilipasuka alipoivuta ikiwa imeshakauka. Ya tatu ndiyo ilikubali. Wiki saba zilipita mpaka ngoma zote mbili zikalia.

Ni katika zile wiki alimwambia mzee kwa nini alizipasua. Kijijini kwao usiku ule watu wenye mapanga walipokuja, mtu mmoja alipiga ngoma kuwaamsha wengine. Ndiyo sauti ya mwisho aliyoisikia nyumbani. Tangu hapo, kila tulipofanya mazoezi pale shuleni, yeye alikuwa anaisikia ngoma ile ya usiku. Hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza, na mimi mwalimu wake sikumwuliza.

Muhula huu ulipoanza, mpiga ngoma wetu alihama na familia yake. Msichana akanijia: "Mwalimu, yule anayejaribu ngoma kwa mzee, anajua." Nikasema haiwezekani, yule ndiye adui wa ngoma. Akasema, "Nenda usikilize." Nikaenda. Alikuwa anapiga polepole, kidole kwa kidole, kama mtu anayegonga mlango asiojua ni wa nani. Nikamchukua.

Barua

Mtu asiyecheza hajui, lakini mchezaji na mpiga ngoma wanazungumza kwa macho. Yeye anatazama miguu, mwenzake anasubiri mkono. Wakifanya hivyo mara mbili kwa wiki, miezi miwili, na wote ni vijana, unategemea nini? Mimi nilianza kuona. Kijana alianza kuoga kabla ya mazoezi. Msichana alianza kusahau daftari lake karibu na ngoma, kila mara karibu na ngoma, ili mtu amrudishie.

Halafu mama yake alikuta barua ndani ya daftari la hesabu. Mama hajui kusoma, lakini aliona moyo umechorwa kwa kalamu nyekundu, na mshale. Kumbe moyo wenye mshale unasomeka katika kila lugha. Siku iliyofuata msichana hakuja shule. Siku ya pili hakuja. Siku ya tatu nikaenda nyumbani kwao.

Mama alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, yeye akabaki kwenye mkeka anachambua maharage. Akasema: "Mwalimu, mi sina ugomvi na weye. Lakini mutoto wangu hapana cheza tena. Wa kwanza nilimwamini, nikapata nini?" Wengi mnajua. Binti yake mkubwa alipata mimba akiwa na miaka 16, na kijana akavuka mpaka kurudi Kongo, mpaka leo hajaonekana. Mtoto yule anatambaa pale mkekani, anakula maharage mabichi.

Nilitaka kujibu haraka kama vijana tunavyojibu, nikajizuia. Tukakaa. Mwishoni nikauliza, kwa heshima: "Mama, yule wa kwanza, walikutana wapi? Kwenye ngoma?"

Akachambua maharage muda mrefu.

"Kwenye bomba," akasema. "Usiku."

Kisha akasema jambo lingine, ambalo nadhani ndilo lilikuwa linamuuma zaidi: "Na hii kucheza inamupeleka wapi? Ngoma ni ya watu wenye nchi. Sisi wakimbizi tunacheza nini?"

Hilo nilikuwa na jibu lake, nikamweleza habari ya Patongo. Nawaeleza na ninyi, maana wengi hamkuisikia.

Patongo iko kaskazini mwa Uganda, nchi ya Waacholi. Wakati wa vita ya Kony ilikuwa kambi ya watu waliokimbia vijiji vyao, makumi ya maelfu wamebanana, wanalindwa na jeshi. Mwaka 2005 watoto wa shule ya msingi ya pale walifika mashindano ya taifa ya muziki Kampala, mara yao ya kwanza. Watu wawili kutoka Marekani, mume na mke, Sean Fine na Andrea Nix Fine, walitengeneza filamu juu yao, inaitwa "War Dance", ikatoka mwaka 2007 na ikaingia katika filamu zilizoshindania tuzo ya Oscar. Humo yuko msichana anayeitwa Nancy, mchezaji ngoma, ambaye baba yake aliuawa na waasi. Yuko Dominic, mpiga marimba, ambaye aliwahi kutekwa akalazimishwa kuwa askari. Walikuwa na umri kama wa hawa wetu. Sisemi walikuwa wapenzi, hapana, sinema haisemi hivyo na mimi siwezi kuwazulia. Nasema tu walikuwa kambini, wakala posho ya mgao kama sisi, wakafundishwa bwola, ngoma ya heshima ya kifalme ya Waacholi, na wakaicheza mbele ya watu wa Kampala waliokuwa wanawadharau kwa sababu wanatoka sehemu ya vita.

Mama alisikiliza. Akauliza kama walilipwa. Nikasema sijaambiwa hivyo. Akacheka kidogo: "Basi unaona." Lakini alikuwa amecheka.

Sinema ya Jumapili

Sasa nifike kwenye ile sinema, maana ndiyo iliyoleta maneno mengi.

Vijana wote hapa wanaijua "Step Up". Mimi niliiona nikiwa mwanafunzi, kwenye kibanda cha video, na vijee anatafsiri kwa Kiganda, nikashika nusu. Ilitoka Marekani mwaka 2006. Inahusu kijana wa mji wa Baltimore anayeitwa Tyler, aliyelelewa katika nyumba za watu wasio wazazi wake. Usiku mmoja yeye na rafiki zake wanaingia kwenye ukumbi wa shule ya sanaa, wanavunja mapambo ya jukwaa. Mlinzi anamkamata yeye, wenzake wanatoroka. Hakimu anamhukumu kufanya kazi saa 200 katika shule ile ile aliyoiharibu. Mimi ni mwalimu, nilipiga hesabu: saa nne kwa siku ni siku 50 za kufagia na kubeba takataka. Karibu sawa na wiki saba za ngozi za mbuzi! Niliposhtukia hilo nikajua lazima wazazi waione.

Katika shule ile kuna msichana, Nora, anajiandaa kwa onyesho la mwisho ambalo ndilo litaamua kama atapata kazi ya kucheza. Baba yake, aliyempenda acheze, alishafariki. Mama yake anataka aende chuo, aache ndoto. Mwenzake wa kucheza anaumia mguu. Anabaki peke yake, na huyu mfagiaji anasema, mimi ninaweza. Yeye anakataa kwanza. Baadaye anamjaribu.

Tulimwomba mwenye kibanda cha Adumi atupe nafasi Jumapili mchana kabla ya mpira wa Uingereza. Akakubali kwa shilingi 15,000 na mafuta ya jenereta juu yetu. Wazazi walichanga. Tulikuwa kama thelathini, wamama mbele, vijana nyuma, na mzee fundi wa ngoma kwenye kiti cha peke yake. Diski ilikuwa ya Kingereza, kwa hiyo vijee nilikuwa mimi. Kingereza changu ni cha S.4, na watu wa Baltimore wanasema haraka kama wanafukuzwa. Mahali pengine nilibuni, nakiri. Walipokumbatiana, mzee akauliza kwa sauti: "Sasa hawa wanashikana mbele ya nani?" Na walipobusiana nikasimama mbele ya televisheni, vijana wakapiga kelele, mama mmoja akasema, "Ondoka, Mwalimu, sisi tuna watoto sita, unatuficha nini?" Kibanda kizima kikavunjika kwa kicheko.

Lakini kuna mahali watu walinyamaza. Tyler ana rafiki, na rafiki ana mdogo wake anayependa kuwafuata wakubwa. Yule mdogo anachukua gari la watu wabaya, anapigwa risasi barabarani, anafariki. Wamama walitikisa vichwa. Kila mmoja alikuwa na mtu wake anayemkumbuka. Nikaangalia nyuma, yule kijana wetu alikuwa ameinamisha kichwa kwenye magoti.

Ilipoisha nikauliza, mmeona nini? Nilidhani watasema mapenzi. Mama wa msichana ndiye alisema kwanza, na nimeliandika neno lake kama alivyolisema: "Ule binti hakuacha kazi yake hata siku moja. Ni kijana ndiye alimufuata kwenye ngoma. Binti hakumufuata kwenye gari ya wizi."

Mimi nimeiona ile sinema labda mara nane. Sikuwahi kuona hilo.

Na ni kweli, ifikirie. Tyler anapokosa mazoezi, Nora hakai nyumbani kumlilia mpaka siku ya onyesho ipite. Anaendelea kujiandaa, hata kama itabidi acheze peke yake. Kijana ndiye anarudi, anaomba, na anakwenda kwa mkuu wa shule kuuliza kama naye anaweza kupokelewa. Wasichana wa kambini, hapa nawageukia ninyi. Nasikia mnasema, "Mimi nitambadilisha." Kijana wetu alianza kubadilika kwa ngozi tatu za mbuzi, kwa mzee mwenye subira, na kwa mtu mmoja kumwuliza kwa nini. Msichana alikuta kazi imeshaanza. Na haijaisha, msidhani. Wiki mbili zilizopita alimpiga mwenzake kwenye mstari wa maji, akakosa mazoezi mara mbili kwa aibu. Aliporudi, msichana alimwambia mbele yetu sote: "Ukija na ngumi, mimi nitacheza na kopo." Akachukua kopo la mafuta ya msaada, akampa mtoto wa P.4 apige, akacheza nalo wiki nzima. Kijana alikaa pembeni akitazama. Wiki iliyofuata akaomba msamaha kwa yule aliyempiga, ndipo akarudishiwa ngoma.

Labda mtauliza wale waigizaji wenyewe. Channing Tatum na Jenna Dewan walipendana kweli pale kwenye kazi, wakaoana mwaka 2009, wakapata mtoto wa kike, na mwaka 2018 wakatangaza kuachana. Naeleza kwa sababu vijana hawaambiwi hiyo sehemu. Walipokutana walikuwa watu wazima, na kila mmoja alikuwa na kazi yake, na baada ya kuachana kila mmoja alibaki na kazi yake.

Wazee walikutana wapi?

Baada ya sinema hatukutawanyika. Tulikaa nje chini ya mti, na mzee akaanza kusema, nami nikaona ndiye mwalimu siku hiyo, si mimi.

Akasema yeye mama wa watoto wake alimwona kwenye ngoma. Baba wa binti alikuwa amekaa pale pale, anatazama miguu ya kijana na mikono ya kijana. Ukishika mahali pasipofaa, ndugu wanaona. Ukichoka haraka, wanaona pia, wanajua shamba litakushinda. Wazee wengine wakaingilia, kila mtu na ngoma ya kwao. Nikakumbuka larakaraka, ile iliyoko kwenye daftari la msichana. Ni ngoma ya vijana kuchumbiana, wavulana wanapiga vibuyu vilivyokatwa nusu kwa spoku za baiskeli, na asiyejua kucheza atangoja sana kupata mchumba. Runyege ya Wanyoro na Watooro nayo ni hivyo, wavulana wamefunga njuga miguuni, na msichana anachagua akiona nguvu ya mguu. Babu zetu hawakuwa wajinga. Walijua vijana watatazamana tu, wakaweka mahali pa kutazamana, mchana, katikati ya watu, na ngoma inayotoa jasho.

Sisi tumefanya kinyume. Hapa kambini mtoto akionekana anacheza na mvulana mbele ya watu, tunasema amepotea. Lakini tunamtuma bomba saa mbili usiku na jerikeni mbili, peke yake, kwa sababu mchana mstari ni mrefu. Mama yule alinyamaza nilipouliza swali langu kwa sababu alikuwa ameshaliona hilo kabla yangu.

Mtu mmoja, baba mwenye heshima zake, alisimama akapinga. Alisema: "Mwalimu, weye ungali kijana, hujazaa. Ngoma ya zamani ilikuwa na ukoo nyuma yake. Huyu mvulana ana ukoo gani hapa? Akiharibu mutoto wa watu, nitamushitaki kwa nani?" Hilo si neno dogo. Wengi wetu tumefika vipande vipande, shangazi bila mjomba, mtoto bila baba. Sikuwa na jibu. Ni mzee aliyejibu, akasema kwa ufupi: "Mushitaki kwangu." Kuanzia siku hiyo kijana ana mtu.

Nami niliongeza la sheria, na hapa naomba kila nyumba isome kwa sauti. Katika Uganda mtu aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kufanya naye ngono ni kosa kubwa la jinai, hata akisema alikubali, hata mkiwa mnapendana, na mtu mzima anaweza kufungwa maisha. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2007 inawagusa hata watoto wao kwa wao: wote wawili wakiwa chini ya umri, kesi yao inashughulikiwa kwa sheria ya watoto, lakini ni kesi. Na familia kukaa pembeni na kupatana mbuzi hakufuti kosa. Kijana wa miaka 16 na msichana wa miaka 15 kuandikiana barua si kosa. Kupiga ngoma na kucheza si kosa. Mpaka uko pale, na watoto wanatakiwa waambiwe uko wapi, si kupigwa tu.

Kuhusu ngoma kumpeleka mtu mahali, nitapita haraka, maana sitaki mtu aseme nawadanganya watoto. Kampala kuna kijana aliyefiwa na wazazi wote wawili kwa ukimwi, Abramz Tekya, ambaye mwaka 2006, mwaka ule ule wa sinema yetu, alianzisha Breakdance Project Uganda. Wanafundisha bure, na anayejua hatua moja anatakiwa kumfundisha asiyeijua. Kundi la watoto la Ghetto Kids, la Kampala pia, lilijulikana mwaka 2014 kwa video ya wimbo wa Eddy Kenzo, na mwaka 2023 likafika fainali ya mashindano makubwa ya vipaji ya televisheni huko Uingereza. Ni wachache. Wengine wengi walicheza vizuri vile vile na wako nyumbani. Msichana wetu anajua, ndiyo maana anasema kufundisha, na ndiyo maana nimemwambia hesabu za P.7 haziruki mtu kwa sababu anacheza vizuri.

Mnataka kujua barua ilisema nini. Hata mimi nilitaka. Jioni ya ile Jumapili mama alimwambia binti aisome kwa sauti, mbele yangu na mbele ya shangazi wa kijana. Binti alisoma huku anatazama chini. Iliandikwa: samahani siku ile nilipoharakisha mkono ukakosa hatua. Iliandikwa: ukienda Kampala mimi nitapiga, na kama hawatanichukua mimi, bado uende. Iliandikwa pia: nikipiga ngoma ukiwa unacheza, siisikii ile nyingine. Mama akauliza, ile nyingine ipi? Tukamweleza. Akakaa kimya, akafuta mikono kwenye kitenge.

Chini kabisa ilikuwa imeandikwa nakupenda, mara tatu, na ule moyo wenye mshale. Hapo mama alinyoosha mkono, akaichukua barua, akaikunja ndogo ndogo, akaiweka kwenye kile kifuko chake cha kadi ya chakula.

"Hii itakaa kwangu," akasema. "Mpaka miaka 18. Akitaka kuisikia tena, atakuja kuniomba."

Kijana alipoambiwa hivyo aliuliza jambo moja tu: kama mama ameichana. Tukamwambia hapana.

Mazoezi yameanza tena, Jumatano na Jumamosi, saa kumi mpaka saa kumi na mbili kasoro, chini ya mwembe wa shule. Jua likishuka kila mtoto anarudi na kundi la bloku yake. Mashindano ya sabukaunti ni muhula wa pili. Tunahitaji njuga za miguuni jozi nane, na mwenye ngozi ya mbuzi asiitupe, aipeleke kwa mzee. Wazazi wanaokuja kutazama walete kiti, benchi zetu hazitoshi. Mama wa msichana ameshakuja mara tatu. Anakaa karibu na ngoma, karibu sana, na maharage yake.